Mzee Mdoe na Kivinjari Kilichogoma

Kaka yangu Mdoe hajawahi kuchelewa popote. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Segera wanaoisimulia habari yake kana kwamba alikuwa mzembe, na mimi nikiwasikia nakosa adabu. Mzembe ni mtu anayefungua duka saa tatu. Kaka hufungua saa moja kamili, mvua inyeshe isinyeshe. Siku tuliyomzika mke wake alifungua saa moja, akamtolea mteja mmoja kopi, akafunga, akaenda kuzika.

Tumezaliwa Sindeni, Handeni, kwa wakulima wa mahindi. Yeye ni wa kwanza, mimi Faudhia ni wa mwisho, na katikati yetu kuna miaka kumi na minne na ndugu watano ambao hawaingii kwenye habari hii. Mwaka themanini na nne aliajiriwa kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, kazi ya kutunza muda. Palikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa mbele ya ofisi. Kaka alikigonga saa kumi na moja alfajiri watu waamke, akakigonga saa kumi na mbili waingie kazini, akakigonga tena wapumzike na warudi makwao. Watu mia sita walikula na kulala kwa mkono wake miaka ishirini na sita. Hakupandishwa cheo, na sidhani kama aliona kuna cheo cha juu zaidi ya hicho.

Saa yake ya mkononi ameirekebisha ionyeshe kile ambacho watu wanasema. Ikiwa saa mbili asubuhi, mshale mfupi uko kwenye mbili. Wengi wetu tunavaa saa inayoonyesha nane, tunaitazama, tunasema ni saa mbili, na hatuoni ajabu. Kaka anaona ajabu.

"Saa inayosema nane wakati ni saa mbili ni saa mbovu," husema. "Na aliyeivaa anajua ni mbovu, ndiyo maana haisomi inavyosema."

Nimelifikiria jibu la hoja hiyo kwa miaka mingi na sijalipata.

Shamba lilipopunguza watu akafungua Mdoe Steshenari hapa Segera, hatua chache kutoka pale mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam yanapoachana. Mimi nilijiunga naye nilipoachika, kwa kuwa najua kuchapa na yeye anachapa kwa kidole kimoja, tena akikifikiria kwanza. Kompyuta nne alizipata kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa. Zilipofika kwetu zilikuwa na umri wa mtoto wa sekondari. Tukazipanga ukutani, tukaziita Moja, Mbili, Tatu na Nne, na kwa mwaka mzima kila mwalimu aliyekuja na fleshi yake alituachia virusi.

Aliyetuokoa ni Abdi, fundi kijana wa Korogwe. Alizifuta zote nne akaziwekea mfumo mwingine, Linux.

"Mzee, kompyuta zako zimezeeka, lakini huu mfumo hauwafukuzi wazee," alimwambia kaka. "Sharti ni moja. Brauza isizeeke. Kompyuta ikizeeka watu wanakuvumilia. Brauza ikizeeka, tovuti zinakufungia mlango."

Brauza ndiyo kivinjari, ile programu unayoingilia mtandaoni. Yetu ina picha ya mbweha. Abdi aliandika maelekezo kwenye karatasi, akaibandika ukutani kwa gundi: kila Ijumaa asubuhi bonyeza hapa, weka neno la siri, ngoja imalize. Kisha akapata kazi Dodoma, akahama.

Mtu mwingine angeiacha karatasi ile ibanduke na kusahaulika. Kaka aliifuata kama alivyoifuata ile reli. Kila Ijumaa saa mbili asubuhi, kabla ya mteja yeyote kuzigusa, alipita kompyuta kwa kompyuta akazisasisha, yaani akazivutia matoleo mapya ya programu, huku amesimama. Wenye steshenari za mjini, wenye kompyuta mpya kuliko zetu, walikuwa hawajui hata kama kivinjari kinasasishwa. Kwa miaka kadhaa sisi tulikuwa na vivinjari vipya kuliko ofisi nyingi za serikali, kwenye mashine ambazo mwenye chuma chakavu alishaziulizia mara mbili.

Halafu betri zikafa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, inayotunza saa ukizima umeme. Mwaka juzi zilikufa zote nne, moja baada ya nyingine, kama wazee wa ukoo mmoja. Kila asubuhi kompyuta ikawa inaamka na tarehe mosi Januari ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Ukiiunganisha na mtandao ilijirekebisha yenyewe, na hapo ndipo kaka alipochukia. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kompyuta iliandika nane.

"Tazama," aliniambia. "Imejirekebisha ikakosea."

Alitafuta kile kitufe cha saa kujirekebisha, akakizima kwenye zote nne. Tangu siku hiyo akawa anaziwekea tarehe na saa kwa mkono, kila asubuhi, akiitazama saa yake. Saa mbili, akaandika mbili. Palikuwa na herufi za AM na PM, akaziangalia siku mbili, akaniambia AM ni mchana na PM ni usiku. Mimi nilikumbuka kusoma kitu tofauti shuleni, lakini kwenye kompyuta zetu ilikuwa inakubali. Wateja walifurahi. Ukiinua macho kutoka kwenye barua yako, unaona saa inayosomeka bila kupiga hesabu. Mwenyekiti wa kitongoji alisema ndiyo steshenari pekee yenye kompyuta za Kiswahili.

Ni kipindi hicho hicho masasisho yalipoanza kukataa. Hatukuyaunganisha mambo hayo mawili. Wewe pengine umeshayaunganisha, na hongera yako. Sisi tulikuwa na wateja.

Kila Ijumaa kaka alibonyeza, akaweka neno la siri, na kompyuta ikaandika mistari ya Kiingereza yenye rangi nyekundu. Aliifunga, akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Zote nyekundu. Alimpigia Abdi Dodoma.

"Mzee, saa ya kompyuta iko sawa?" Abdi aliuliza. Nilisikia kwa masikio yangu, simu ilikuwa kwenye spika.

"Abdi, saa yangu haijakosea tangu mwaka themanini na nne."

"Basi huo ni mtandao, mzee. Jaribu baadaye."

Tukajaribu baadaye kwa miaka miwili. Karatasi ilisema kila Ijumaa, na kila Ijumaa alijaribu. Wakati huo mbweha wetu alikuwa anazeeka taratibu, na tovuti zikaanza kumtazama vibaya. Kwanza picha zilikuwa hazitokei. Kisha vitufe vikawa vinahama mahali pake. Mwisho wake zikaja zile kurasa zinazofunguka vizuri kabisa, ukajaza jina na tarehe ya kuzaliwa, halafu kitufe cha kutuma hakipo. Mteja akiniuliza nilimpa jibu tulilozoea.

"Mtandao umekataa."

Ni jibu zuri. Mteja halibishi, anakunja karatasi zake na kuondoka. Nimelitumia mara nyingi kuliko salamu.

Ijumaa ninayotaka kuisimulia, umeme ulikuwa umekatwa kwa matengenezo Korogwe na Handeni kote, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Ilitangazwa wiki nzima. Kaka ana sola, kwa hiyo siku kama hizo steshenari yenye kompyuta za zamani kuliko zote huwa ndiyo pekee iliyo wazi.

Saa nne akaingia mfugaji mmoja, Loserian, na binti yake Nashilu, wametoka nyanda kavu za Handeni tangu alfajiri. Mzee alikuwa na fimbo na simu ya vitufe. Binti alikuwa na bahasha ya nailoni ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," binti alisema.

"Marahaba."

Alieleza haraka, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo sehemu nyingi siku hiyo. Alikuwa anaomba nafasi kwenye chuo cha afya ya mifugo. Maombi yanatumwa kwa mtandao tu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na kosa, kimerudishwa juzi kikiwa kimesahihishwa, na dirisha la maombi ya vyuo vyote vya afya linafungwa leo saa kumi na moja jioni. Alijaribu kwa simu ya binamu yake, ukurasa ulifunguka lakini vyeti havikupanda. Handeni hakuna umeme. Korogwe hakuna umeme.

"Ikipita leo ni mpaka mwakani," alimaliza.

Baba yake aliongeza ya kwake. "Msimu uliopita nimezika ndama kumi na mmoja. Bwana mifugo ana vijiji vingi, alifika wakati nimeshazika. Huyu akisoma, nitakuwa na mtu wa kumwuliza."

Nilimketisha kwenye Tatu, ambayo ndiyo yenye afya. Loserian aliinama akaitazama ile picha kwenye kioo.

"Huyo ni mbweha," alisema.

"Ndiyo."

"Mnamfuga?"

Nilimwambia ndiyo. Aliketi kwenye benchi, mbali kidogo.

Ukurasa wa chuo ulifunguka. Nashilu alijaza kila kitu bila kukosea herufi, mimi nikaskani vyeti. Tulipofika mwisho kukatokea maandishi kwenye kiboksi cha njano: kivinjari chako kimepitwa na wakati, tafadhali kisasishe ili uweze kutuma. Kitufe hakikuwepo.

"Mtandao umekataa," nilisema, na nikanyoosha mkono kumrudishia bahasha.

Hakuipokea. "Mama, mtandao haujakataa. Ukurasa umefunguka. Wamesema brauza ni ya zamani."

Nakiri nilikasirika. Miaka miwili nimelitumia jibu lile na halikuwahi kurudishwa. Lakini kaka alikuwa amesikia, akainuka na kuja na miwani yake.

"Leo ni Ijumaa," alisema. "Nilijaribu saa mbili. Nitajaribu tena."

Alibonyeza, akaweka neno la siri. Mistari myekundu. Aliinua mkono aifunge, kama kawaida.

"Mzee, samahani, usifunge," Nashilu alisema. "Naomba nisome."

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Mimi na kaka tulikuwa hatujawahi kuusoma mstari ule mpaka mwisho. Mwanzoni uliandika kosa, na sisi tukiona kosa tunaheshimu.

"Inasema orodha ya masasisho bado haijaanza kuwa halali," alisema. "Itakuwa halali baada ya saa tano na dakika arobaini."

"Ndiyo maana yake hiyo," kaka alisema. "Tujaribu baadaye."

"Mmewahi kungoja hizo saa tano?"

"Tumewahi," nilisema. "Tulingoja mpaka jioni, ikaleta mistari ile ile myekundu."

Binti alihesabu kwa vidole. Saa tano kutoka pale ingekuwa karibu saa kumi, na kama ingetuambia tena saa tano, basi. Loserian aliuliza kwa Kimaasai, akajibiwa kwa maneno mawili.

Saa sita na nusu kaka alikwenda msikitini kwenye swala ya Ijumaa. Nashilu hakutoka kwenye kiti. Alikibonyeza tena kile kitufe, mimi nikaweka neno la siri, na safari hii ikasema saa tano na dakika hamsini. Alimwomba baba yake simu. Akaitazama simu, akakitazama kioo, akaitazama tena simu, na mimi nikawa namtazama yeye, maana nilidhani anataka kulia.

"Mama, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa saba na dakika tano." Iliandikwa pale pale, kona ya kioo, saba na tano.

"Simu ya baba inasema kumi na tatu na tano."

"Hiyo ni saa ya Kizungu."

"Na hii?"

"Hii ni saa ya kawaida."

"Mama," alisema polepole, "kompyuta inajua kwamba hii ni saa ya kawaida?"

Alinieleza, na alinieleza vizuri kuliko nitakavyokueleza wewe. Masasisho yanatoka mbali, na huko yanakotoka orodha yake inapigwa muhuri wa saa, tena inapigwa upya kila baada ya saa chache. Kompyuta yetu ikiupokea muhuri ule inatazama saa yake. Saa yake iko nyuma kwa saa sita. Inaona imeletewa barua iliyoandikwa saa ambayo haijafika. Inakataa, kama ambavyo hata mimi ningekataa.

Nilikaa chini. Nilikumbuka mwalimu mmoja aliyehifadhi ripoti zake hapa kwetu saa tatu asubuhi, ofisini kwao wakaona zimeandikwa saa tisa usiku, wakampongeza kwa kujituma. Alituletea soda. Sisi tulikunywa.

Ningeweza kuibadilisha ile saa mwenyewe. Neno la siri nalijua. Lakini nimeishi na kaka yangu maisha yangu yote, na kuigusa saa yake yeye hayupo ni jambo ambalo sikuwa tayari kulifanya, hata kwa ajili ya mtoto wa watu. Nalisema hivyo hivyo lilivyo. Tulimngoja. Dakika arobaini zile zilinila.

Alirudi saa saba na dakika arobaini na tano. Nashilu alisimama, akamweleza kwa heshima zote, mikono nyuma. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu alivua miwani.

"Binti yangu, mimi nimewaamsha watu mia sita miaka ishirini na sita. Hakuna aliyewahi kuniambia saa yangu imekosea."

"Saa yako haijakosea, mzee. Ila kompyuta inaisoma vingine."

"Basi kompyuta ijifunze."

Akaenda mezani kwake, akaanza kupanga karatasi za kopi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilimtazama mgongo na nikajua nimeshindwa kabla ya kuanza. Nilimwambia, "Kaka, mtoto ana mpaka saa kumi na moja." Akasema anajua saa kumi na moja ni lini kuliko mtu yeyote humu ndani.

Aliyeinuka ni Loserian. Alikwenda akasimama karibu na meza, akaegemea fimbo.

"Mzee mwenzangu, saa ni yako, sina neno nayo," alisema. "Lakini mimi nikinunua ng'ombe mbali, huwa namwuliza aliyeniuzia, huyu mlikuwa mnamwitaje? Nikifika nyumbani namwita hivyo hivyo. Si kwamba jina ambalo ningempa mimi ni baya. Ni kwamba nataka aje."

Kaka aliendelea na karatasi. Alizigonga mezani zikae sawa, upande huu, upande ule. Kisha akasema, "Tatu peke yake. Hizo nyingine msiziguse."

Alikaa mwenyewe kwenye Tatu. Akafungua pale pa saa, akaelekezwa na Nashilu kuziondoa zile AM na PM. Nashilu alimsomea kutoka kwenye simu, kumi na tatu na hamsini na nane.

"Kumi na tatu," kaka alisema. "Katika maisha yangu sijawahi kugonga saa kumi na tatu."

Akaiandika. Kidole kimoja, kikifikiriwa. Kisha akabonyeza, akaweka neno la siri, na ile mistari ikaanza kushuka, mirefu, myeupe, bila hata mmoja mwekundu. Sikuwa nimeiona kwa miaka miwili. Nilisema Alhamdulillahi kwa sauti, Loserian akaitikia kwa Kimaasai kitu ambacho nadhani ni hicho hicho.

Furaha ile haikudumu. Masasisho ya miaka miwili yalikuwa mengi, mia tatu na kitu, na chini pakaandikwa kwamba yangekamilika baada ya saa nne na nusu. Kwa mtandao wetu wa bando na mnara uliozidiwa na mabasi yote yanayosimama Segera, niliamini kila dakika yake. Saa nne na nusu ilikuwa inatuvusha saa kumi na moja na kutuacha mbali.

Hapo ndipo mimi nilipofanya la maana, na kwa kuwa hakuna anayelitaja, nalitaja mwenyewe. Niliona kila sasisho lina kiboksi chenye alama ya vema. Nikasimamisha ile kazi, nikafuta alama zote kwa kitufe kimoja, kisha nikashuka na ile orodha mpaka nikamwona mbweha. Nikamwekea vema yeye peke yake. Ikasema saa moja na dakika ishirini.

Tulikaa tukiutazama mstari ule wa kijani ukijaa. Wateja wawili walikuja kutaka kopi, nikawafukuza. Saa tisa na robo mtandao ulipotea kabisa dakika kumi, na Nashilu alifumba macho, akayafungua uliporudi. Loserian alitoka nje, akarudi, akatoka. Kaka hakuondoka kwenye kiti. Kila nilipomwangalia alikuwa anaitazama ile kona ya kioo, kumi na tano na ngapi, kumi na tano na ngapi.

Saa tisa na dakika arobaini mbweha alimaliza. Nashilu alifungua ukurasa wa chuo, akajaza upya kila kitu tangu jina lake. Picha yake ikakataliwa kwa kuwa kubwa, nikaipunguza. Cheti cha kuzaliwa kikapanda. Matokeo yakapanda. Barua ya mtendaji wa kijiji ikapanda mara ya pili. Tukashuka mpaka chini, na kile kitufe kilikuwepo, kikubwa cha buluu, kana kwamba hakikuwahi kwenda popote.

Alikibonyeza saa kumi na dakika ishirini na mbili. Ikatokea namba ya maombi, tukaichapa nakala mbili.

"Imefika?" Loserian aliuliza.

"Imefika."

"Nani kaipokea?"

"Kompyuta ya huko chuoni."

Hakupenda, lakini aliikunja ile nakala mara nne akaitia mahali ambapo haingetoka. Alimpa kaka mkono kwa muda mrefu. Nashilu alinishukuru mimi, akamshukuru kaka, akataka kusema kitu kuhusu zile kompyuta nyingine tatu, akaona uso wa kaka, akaacha. Walipanda basi la Handeni.

Nilikuwa nafagia nilipomsikia.

"Faudhia. Wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Wangapi tumewaambia mtandao umekataa?"

Nilisimama na ufagio. Nilitaka kumwambia ni wachache. Nilitaka kumwambia hata hao pengine wasingepata nafasi, kwamba wengine walikwenda Korogwe wakatuma huko, na hilo ni kweli kwa wengine. Alikuwa ananitazama kama mtoto. Sijawahi kumwonea huruma kaka yangu kama siku ile. Nilisema sijui.

Aliinuka akaibadilisha saa ya Moja, ya Mbili na ya Nne. Kisha tukaanza kuwataja, tuliowakumbuka. Wengine majina, wengine tulimkumbuka mtu kwa vazi tu, au kwa mtoto aliyembeba. Jina alilolirudia kaka ni Maryamu, binti wa Mustapha wa Kwamndolwa. Mwaka jana alikuja siku tatu mfululizo kuomba chuo cha uuguzi, kila siku kwa miguu mpaka barabarani na kisha basi, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Mzee Mdoe ndiye anayetunza kompyuta zake vizuri. Siku ya tatu nilimwambia mtandao umekataa kabla hajakaa.

Kesho yake Jumamosi kaka hakufungua duka saa moja. Hakufungua kabisa. Tulikwenda Kwamndolwa, tukamkuta Maryamu nyuma ya nyumba yao anapukuchua mahindi, ungo mapajani.

"Shikamoo Mzee Mdoe. Shikamoo mama Faudhia."

Kaka hakutaka kiti. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama, kuhusu betri, saa, Ijumaa zote zile, na hakuniacha nimsaidie hata neno. Alisema haukuwa mtandao uliokataa, alikuwa yeye mwenyewe. Alisema amekuja kumwomba radhi. Maryamu alimsikiliza huku vidole vyake vikiendelea na kazi, punje zikidondoka.

"Kwa hiyo ingewezekana," alisema.

"Ingewezekana."

"Na sasa kompyuta zinatuma?"

"Zinatuma."

Hapo alisimamisha mikono, na uso ukabadilika. Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa ameanza kuinuka.

"Vyeti vyangu viko ndani," alisema. "Dirisha la mwaka huu linafungwa lini?"

Kaka alinigeukia.

"Vyuo vyote vya afya vimefunga pamoja," kaka alisema. "Jana. Saa kumi na moja jioni."

Maryamu alibaki vile vile, nusu amesimama. Kisha akakaa, akaurudisha ungo mapajani, akachukua hindi jingine.